Kichekesho changu kimefika kwa bosi, sasa wanaitaka simu yangu

Ndugu Mshauri,

Salaam. Kazini kwetu ulitoka waraka kwamba kila mfanyakazi ajibu ujumbe wa ofisi ndani ya dakika 10, hata usiku. Tuna grupu letu la WhatsApp, watu kumi na mmoja wa idara moja, hakuna bosi ndani. Nikatengeneza kichekesho: roboti kalala kwenye chaji, kajifunika shuka hadi shingoni, anasema, "Hata mimi usiku huwa nazimwa." Chini yake nikabandika kipande cha ule waraka. Watu wakacheka, yakaisha.

Wiki iliyofuata nikaitwa na afisa rasilimali watu. Mezani kwake kulikuwa na karatasi ya kichekesho changu pamoja na maongezi ya grupu, yamechapishwa. Karatasi ni pana, upande wa kushoto inaonekana orodha ya maongezi yangu mengine, na ujumbe wangu uko kulia, kwenye rangi ya kijani. Nikaambiwa nimeudharau uongozi. Nikapewa na maagizo mawili: niwakabidhi simu yangu "dakika tano tu" waangalie kama kuna mengine, na wafanyakazi wote tuweke programu ya usimamizi ya kampuni kwenye simu zetu binafsi kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaambiwa kama sina cha kuficha, sina cha kuogopa.

Simu nimenunua mwenyewe. Laptopu ni ya ofisi, na huwa nafungua WhatsApp Web humo kwa kuwa kuandika ni rahisi. WhatsApp si husema ujumbe umefumbwa? Wameupataje? Kuna mwenzangu namshuku, nimeacha hata kumsalimia. Hiyo programu itaziona picha za familia yangu? Nikikataa si nitaonekana nina makosa? Na je, nifute kila kitu sasa hivi?

Msomaji, Idara ya Hesabu

JIBU

Ndugu yangu,

Swali lako la mwisho ndilo lenye haraka, basi nianze nalo: usifute chochote. Umeshaitwa na karatasi umeshaonyeshwa, maana yake uchunguzi umeanza. Ukifuta leo, utani wa roboti unageuka kuwa tuhuma ya kuharibu ushahidi, na tuhuma hiyo ni rahisi kuithibitisha kuliko "dharau". Tena kufuta hakukusaidii. WhatsApp hukuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na saa 12 hivi tangu uutume. Ukichelewa, unafuta nakala yako peke yako na wenzako kumi wanabaki na zao. Hata ukiwahi, pale ulipokuwa ujumbe hubaki maandishi kwamba umefutwa. Uache kama ulivyo.

La pili ni huyo mwenzako. Mrudie leo hii, maana karatasi uliyoieleza inampunguzia lawama. Kwenye WhatsApp, ujumbe ulioutuma wewe hukaa kulia. Wa wengine hukaa kushoto, na ndani ya grupu kila mmoja hubeba jina la mtumaji kama lilivyohifadhiwa kwenye simu ya anayesoma. Angekuwa mwenzako ndiye aliyepiga skrinishoti, roboti wako angekaa kushoto, na juu yake lingesomeka jina alilokuhifadhi nalo. Wewe unasema yuko kulia. Halafu karatasi ni pana na ina orodha ya maongezi pembeni. Skrinishoti ya simu ya kawaida ni nyembamba na ndefu, juu ina saa na alama ya betri, na haionyeshi orodha ya maongezi pamoja na maongezi yenyewe kwa mkupuo. Mpangilio uliousimulia ni wa WhatsApp ya kwenye kompyuta. Kwa hiyo picha ile ilitoka kwenye akaunti yako mwenyewe ikiwa wazi kwenye kompyuta, na kompyuta uliyoitaja ni moja tu, laptopu ya ofisi.

Ndiyo maana kule kufumbwa hakukukinga. Ufumbaji wa mwisho hadi mwisho, ambao WhatsApp ilikamilisha kuusambaza kwa watumiaji wake wote Aprili 2016, hulinda ujumbe ukiwa njiani: kampuni ya simu, mwenye Wi-Fi na hata seva za WhatsApp zenyewe hupitisha kitu wasichoweza kukisoma. Lakini ujumbe ukifika kwenye kioo lazima ufumbuliwe, vinginevyo nawe usingeusoma. Anayekitazama kioo anaona unachokiona wewe. Na ulipochanganua ile QR ya WhatsApp Web, uliifanya laptopu ya mwajiri kuwa moja ya hizo "mwisho".

Kutoka hapo njia ni tatu. Ya kwanza ni programu ya ufuatiliaji iliyowekwa na watu wa TEHAMA, inayopiga picha ya skrini kila baada ya muda fulani, au kila linapotokea neno walilolitaja, au inayorekodi kila kitufe unachobonyeza. Ya pili ni mtu kukaa kwenye kiti chako ukiwa umetoka kula na laptopu hukuifunga. Ya tatu husahaulika sana: uliwaonyesha wenzako skrini nzima kwenye mkutano wa mtandaoni, mkutano ukawa unarekodiwa, na kichupo cha WhatsApp kikaingia kwenye rekodi. Itazame tena ile karatasi ukipata nafasi. Kama kona ya chini inaonekana saa ya kompyuta, iandike, kisha ulinganishe na mahali ulipokuwa saa hiyo.

Sasa shika simu yako. Fungua WhatsApp, nenda Mipangilio (kwenye Android gusa nukta tatu za juu), kisha Vifaa vilivyounganishwa. Utaona orodha: jina la kivinjari au mfumo wa kompyuta, na lini kilitumika mara ya mwisho. WhatsApp huruhusu hadi vifaa vinne mbali na simu yenyewe, na wengi hawajui kwamba kufunga kichupo au kuzima kompyuta hakuondoi kifaa. Kinabaki kimeunganishwa, kinaendelea kupokea ujumbe hata simu yako ikiwa imezimwa, na hukatika chenyewe iwapo simu haijatumika kwa siku 14. Kabla ya kugusa kitu, piga skrinishoti ya orodha hiyo, maana saa ya matumizi ya mwisho inaweza kuonyesha akaunti yako ilifunguliwa wakati wewe haupo. Halafu gusa kila kifaa na uondoe. Ukikuta usichokitambua, kiondoe hicho kwanza, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye sehemu ya Akaunti na uweke PIN ya tarakimu sita. Kukata kifaa hakufuti maongezi, kwa hiyo hakupingani na nilichokuambia hapo juu.

Ukimaliza WhatsApp, angalia na akaunti yako binafsi ya Google, Apple au Microsoft. Ikiwa uliwahi kuingia nayo kwenye kivinjari cha laptopu ile, inawezekana manenosiri yako yote, historia ya tovuti ulizofungua kwenye simu yako na alamisho (kurasa ulizozihifadhi) vimenakiliwa humo. Ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti kutoka kwenye simu, tafuta orodha ya vifaa, itoe laptopu ya kazi, halafu badilisha nenosiri. Fanya kwa mpangilio huo na ufanyie kwenye simu. Ukibadilisha nenosiri kwa kutumia laptopu yenye programu inayorekodi vitufe, umewapa jipya.

Laptopu yenyewe usiichokonoe. Ni mali yao, na ukiondoa programu yao ya ufuatiliaji umewapa kosa halisi la kukushika nalo. Kutazama tu kunaruhusiwa, nako kunafundisha. Kwenye Chrome andika chrome://management mahali pa anwani, itakuambia kama kivinjari kinasimamiwa na baadhi ya mambo ambayo msimamizi anaweza kuyaona. Kwenye Windows, fungua Mipangilio, nenda Akaunti, kisha sehemu ya akaunti ya kazini au shuleni. Kwenye Mac, sehemu ya Faragha na Usalama ina orodha ya programu zilizoruhusiwa kurekodi skrini. Kutokuona jina huko hakumaanishi hakuna kitu, ila ukiliona, umeshapata jibu.

Kuna kipimo kingine kizuri zaidi. Fungua tovuti yoyote inayoanza na https kwenye laptopu, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, fungua maelezo ya cheti (kitambulisho cha tovuti hiyo) na usome nani amekitoa. Kwa kawaida utakuta mtoaji anayejulikana na ulimwengu mzima, kama Let's Encrypt, DigiCert au Google Trust Services. Fanya hivyohivyo kwenye kompyuta isiyo ya ofisi, ukitumia mtandao usio wa ofisi. Ikiwa kule mtoaji ni mmoja wa hao, na kwenye laptopu yako ni jina la kampuni yenu au la kifaa cha ulinzi wa mtandao, basi trafiki yako inafunguliwa katikati, inasomwa, kisha inafungwa upya na kupelekwa. Hapo hata barua pepe yako binafsi uliyoifungua kwenye kivinjari hicho inasomeka. Hali fiche ya kivinjari (incognito) haikusaidii kitu kwa hili. Kazi yake ni kutohifadhi historia kwenye kifaa hicho, basi, na mtandao unaona vilevile. Kuweka VPN yako (programu inayopitisha mtandao wako kwenye njia iliyofumbwa) kwenye laptopu ya kazi nako nakukataza. Mara nyingi ni kinyume cha kanuni zao, na picha za skrini zitaendelea kupigwa kama kawaida.

Tuje kwenye zile "dakika tano tu". Usiwape simu. Nasema hivyo nikijua uko kazini na unahitaji mshahara, kwa hiyo nikueleze dakika tano zinatosha kufanya nini. Kuunganisha kompyuta nyingine na WhatsApp yako kwa QR huchukua sekunde chache. Kuhamisha maongezi ya grupu zima kuwa faili la maandishi na kulituma kwa barua pepe ni miguso minne au mitano. Namba za wenzako wote kumi zimo. Ujumbe wa mkeo au mumeo, majibu ya hospitali, mazungumzo na wakili, vyote vimo. Ukiwakabidhi simu, unawakabidhi na watu waliokuandikia wakiamini wanaongea na wewe, na ruhusa yao huna.

Wakisisitiza, jibu kwa utulivu: "Nipeni kwa maandishi ujumbe gani mnautafuta na kwa kanuni ipi, nami nitajibu kwa maandishi." Iwapo itafika mahali ukaona ni busara kuwaonyesha ujumbe mmoja, simu ibaki mkononi mwako, shahidi unayemwamini awepo, na programu ifungiwe isitoke. Kwenye Android kuna huduma ya kubandika programu, iko kwenye mipangilio ya usalama: ukishaibandika, na umechagua idai PIN, haitoki bila PIN. Kwenye iPhone, washa Ufikiaji wa Kuongozwa (Guided Access) kwenye sehemu ya ufikivu, kisha bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu ukiwa ndani ya programu unayotaka. Hapohapo unaweza pia kuzima sehemu za kioo zisiguswe.

Hakikisha na kufuli lenyewe liko sawa. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Ya sita ina milioni moja. Weka sita au zaidi. Alama ya kidole na uso ni vya haraka, lakini kidole chako kinaweza kushikwa na kuwekwa kwenye simu, na PIN iliyo kichwani haishikiki. Kabla ya kuingia kwenye kikao kama hicho, izime simu na uiwashe upya. Mpaka uandike PIN kwa mara ya kwanza, alama ya kidole haitakubaliwa na sehemu kubwa ya data hubaki imefumbwa. Kwenye iPhone, kushikilia kitufe cha pembeni pamoja na kimojawapo cha sauti kwa sekunde mbili hivi hutosha kuzima uso na kidole hadi PIN iandikwe.

(Ninayemzungumzia hapa ni mwajiri. Polisi wenye amri ya mahakama ni jambo jingine. Hapo soma amri, omba wakili, na usishindane nao kwa nguvu. Hata Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, majaji wote wakikubaliana, kwamba kumkamata mtu hakuwapi polisi haki ya kupekua simu yake bila kibali. Kama polisi anahitaji kibali, afisa rasilimali watu hana ubavu wa kudai tu.)

Programu ya usimamizi inahitaji uangalifu zaidi kuliko hasira, kwa sababu "programu ya usimamizi" ni jina moja la vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Kitu cha kwanza ni wasifu wa kazini kwenye Android. Simu hugawanywa sehemu mbili, programu za kazini zinakuwa na alama ndogo ya mkoba, na msimamizi hutawala upande huo tu. Picha zako, WhatsApp yako na orodha ya programu zako binafsi hazioni. Anaweza kudai uweke PIN imara, na anaweza kuufuta upande wa kazini akiwa mbali, lakini wako unabaki. Jioni unauzima kwa swichi moja na arifa za ofisi zinanyamaza hadi asubuhi. Kwa iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, kuna usajili wa mtumiaji unaofanana na huo: data ya kazi hukaa sehemu yake, na msimamizi hawezi kuifuta simu nzima. Kama wanachotaka ni hiki, na unahitaji barua pepe ya kazi kwenye simu, kinavumilika.

Kitu cha pili ni usimamizi wa simu nzima. Kwenye Android, dalili yake ni kuambiwa uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani kabla ya kuisajili, au programu kuomba kuwa msimamizi wa kifaa, na kwenye orodha ya mamlaka inayoomba kuna kufuta data yote. Kwenye iPhone ni wasifu unaosajili kifaa kizima: msimamizi anaweza kuona orodha ya programu zote ulizonazo na anaweza kuifuta simu. Ujumbe na picha zako hazisomi kwa njia hii, ila siku ukiacha kazi, au siku mtu wa TEHAMA akibofya mstari usio wake, picha za familia zinakwenda na maji. Simu ya kampuni sawa. Yako, hapana.

Kitu cha tatu sikipi hata jina la usimamizi. Ni faili unalotumiwa ulisakinishe nje ya duka la programu, linalodai ruhusa ya zana za ufikivu pamoja na kusoma arifa. Ruhusa ya ufikivu iliwekwa kuwasaidia wasioona, kwa hiyo inampa mwenye nayo uwezo wa kusoma kila kilichoandikwa kwenye kioo na hata kubofya kwa niaba yako. Ukiiona hiyo, simama hapo hapo.

Ukiletewa wasifu (faili la mipangilio ya kampuni) kwenye iPhone, usome kabla ya kukubali. Gusa maelezo zaidi uone umebeba nini ndani: VPN, cheti, vizuizi. Cheti cha mzizi, kile kinachoifanya simu iamini vyeti vingine vinavyotolewa na mwenye nacho, ndicho cha kukiogopa, kwa sababu ndicho kinachoruhusu ule ufunguaji wa katikati niliokueleza. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, programu nyingi hazikubali cheti kilichoongezwa na mtumiaji, lakini kivinjari hukikubali. Na kwenye iPhone, cheti kilicholetwa na mfumo wa usimamizi huaminiwa bila wewe kuulizwa tena. Kama ulishasakinisha kitu na hukumbuki ni nini, fungua Mipangilio, Jumla, halafu VPN na Usimamizi wa Kifaa.

Wi-Fi ya ofisi ni jambo dogo. Bila cheti, mwenye mtandao huona majina ya tovuti unazotembelea, saa, na kiasi cha data. Kurasa na maandishi hayaoni. Hata hivyo jina la tovuti ya kutafuta kazi, likionekana kila siku saa ya chakula, linatosha kusimulia. Mambo yako yapitishe kwenye bando lako.

Kuhusu kuonekana na makosa. Huo usemi kwamba asiye na cha kuficha hana cha kuogopa unanikera, kwa sababu unageuza jukumu: anayetaka kupekua ndiye mwenye kueleza sababu. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliweka faragha kwenye kifungu cha 12 na uhuru wa maoni kwenye cha 19, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ukavirudia kwenye cha 17 na cha 19. Kazini haki hizo zina mipaka, lakini hazifiki sifuri. Kesi inayofanana sana na yako ni ya Bărbulescu dhidi ya Romania. Mwajiri alifuatilia ujumbe wa mfanyakazi kwenye Yahoo Messenger, akachapisha maongezi yake, yakiwemo ya ndugu yake na mchumba wake, kisha akamfukuza. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa kura 11 dhidi ya 6, iliona kwamba faragha yake haikulindwa. Ilisema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafuta kabisa maisha ya faragha mahali pa kazi, na ikataka mahakama za ndani zipime kama mfanyakazi alijulishwa mapema kwamba atafuatiliwa, kwa kiasi gani, kwa sababu ipi, na kama haikuwepo njia nyepesi zaidi. Hukumu hiyo inazifunga nchi za Baraza la Ulaya, lakini maswali yake yanafaa kuulizwa mbele ya mwajiri yeyote.

Basi yaulize. Andika barua fupi, bila jazba, mfano huu:

"Naomba kujulishwa kwa maandishi: (1) picha ya skrini niliyoonyeshwa ilipatikana kwa njia gani, lini, na chini ya sera ipi niliyoisaini, (2) jina la programu inayotakiwa kwenye simu binafsi, na kama ni wasifu wa kazini au usimamizi wa kifaa kizima, (3) data gani itakusanywa, nani ataiona, itahifadhiwa muda gani, (4) nini kitatokea kwa data binafsi nikiacha kazi, (5) kama kampuni inaweza kunipa simu ya kazi, au kuniruhusu kutumia barua pepe kwa kivinjari pekee. Simu yangu binafsi siikabidhi. Niko tayari kujibu tuhuma yoyote mahususi itakayoandikwa."

Swali la tano ndilo lenye nguvu kwa sababu linawapa mlango wa kutokea bila aibu. Sheria nyingi za ulinzi wa data pia humpa mtu haki ya kudai nakala ya data inayomhusu. Chini ya ile ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 25 Mei 2018, mwajiri ana mwezi mmoja wa kujibu. Angalia yenu inasemaje na ukitaje kifungu chake ndani ya barua.

Kichekesho chenyewe nimekipima, na nakitetea. Kinaikosoa amri kwa kumtania roboti; hakimtaji mtu, hakitishi, hakimdhalilishi yeyote kwa kabila, dini au jinsia. Vichekesho vinavyoangusha watu kazini ni vya aina nyingine: uso wa bosi kwenye mwili wa mnyama, data ya mteja ikionekana nyuma, au tishio la utani. Uingereza mwaka 2010 mtu mmoja alitania kwenye Twitter kwamba angelipua uwanja wa ndege uliokuwa umefungwa na theluji. Alitiwa hatiani, akapoteza kazi, na hukumu ikaja kutenguliwa Julai 2012. Miaka miwili ya maisha imekwenda kwa sentensi moja. Doa lako ni moja tu, kile kipande cha waraka. Ikiwa ulikuwa na muhuri wa siri au unatajwa kuwa wa ndani, wataushikilia huo waraka na kumwacha roboti. Mara nyingine andika maudhui kwa maneno yako mwenyewe, usibandike hati.

Grupu liendelee, ila kwa masharti ambayo wote kumi na mmoja wameyakubali. Hakuna anayeliunganisha na kompyuta ya ofisi. Kuhamia Signal, programu nyingine ya ujumbe, hakutabadilisha kitu iwapo mtu ataifungua kwenye laptopu hiyohiyo. Arifa zisionyeshe maandishi simu ikiwa imefungwa. Nakala rudufu za WhatsApp kwenye wingu ziwekewe ufumbaji wa mwisho hadi mwisho, huduma iliyokuja 2021 na ambayo lazima uiwashe mwenyewe: Mipangilio, Maongezi, Nakala rudufu. Itakupa uchague nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza, hata WhatsApp hawawezi kukurudishia, kwa hiyo uandike kwenye karatasi. Ujumbe unaotoweka, wa saa 24, siku 7 au siku 90, uwashwe baada ya shauri lako kwisha, si leo.

Barua ukishaikabidhi, pata sahihi na tarehe ya aliyeipokea. Wakija na jibu la vitisho, lipeleke kwa chama cha wafanyakazi au kwa mamlaka ya ulinzi wa data kabla ya ule mwisho wa mwezi, si baada yake. Kumbukumbu zako zote ziweke nje ya laptopu ya kazi, na uwe mwangalifu na unachotoa ofisini: barua ulizoandikiwa wewe zipige picha kwa simu yako, lakini usijitumie faili hata moja la hesabu za kampuni wala la wateja, hata kama unaona linakutetea. Hilo ndilo kosa ambalo mwajiri hushinda nalo kesi aliyokuwa anaelekea kushindwa.